Kwa nini Iowa City ina jengo la bunge lakini haina bunge?

SWALI: «Mimi ni mama wa Kikongomani, naishi Iowa City, Marekani. Kila tukipita katikati ya mji mwanangu ananiuliza: kwa nini lile jengo lenye kuba la dhahabu linaitwa Bunge la Zamani, wakati shuleni wanafundishwa kwamba makao makuu ya Iowa ni Des Moines? Na kwa nini mitaa ya hapa ina majina ya miji mingine: Dubuque, Davenport, Burlington? Mimi naongeza langu: watu weusi walikuwepo hapa zamani, au sisi ndio wa kwanza? Tunataka kuzunguka kwa miguu Jumamosi moja. Tuanzie wapi?»

JIBU: Mama, hongera kwa kulea mtoto anayesoma vibao vya barabarani. Jibu fupi ni hili: mji wenu ulichorwa kwenye karatasi ili uwe makao makuu ya serikali. Serikali ikaja, ikakaa chini ya miaka 20, ikahama. Mitaa haikuhama. Ndiyo maana leo mnatembea ndani ya ramani iliyochorwa kwa ajili ya gavana, mbele ya jengo la bunge ambalo limekuwa la chuo kikuu kwa muda mrefu kuliko lilivyowahi kuwa la wabunge.

Sasa nijibu kwa urefu.

Tarehe 4 Julai 1838 Iowa ilitengwa na Wisconsin, ikapewa gavana wake na bunge lake dogo. Haikuwa jimbo kamili bado. Ilikuwa eneo linaloangaliwa na Washington. Gavana wa kwanza, Robert Lucas, mzee aliyewahi kuwa gavana wa Ohio, alianzia kazi Burlington. Wakati huo kila mji wa maana uliegemea mto Mississippi: Dubuque kaskazini, Davenport katikati, Burlington kusini, na kati yao Bloomington. Kila mmoja ulitamani kuwa makao makuu, na hakuna uliotaka kumwachia mwenzake. Januari 1839 wabunge wakaamua kuwanyima wote. Mji mkuu utakuwa ndani kidogo, mbali na Mississippi, katika kaunti ya Johnson, nao utaitwa Iowa City. Jina lilipatikana kabla ya kiwanja.

Kazi ya kutafuta kiwanja walipewa makamishna watatu: Chauncey Swan, John Ronalds na Robert Ralston. Sheria ilitaka wakutane tarehe 1 Mei 1839 katika kijiji cha Napoleon, kusini kidogo ya mji wa leo, pale penye bustani ya Napoleon mkishuka na mtaa wa Gilbert. Siku ikafika, akaonekana Swan peke yake. Bila mwenzake hata mmoja hapakuwa na akidi, na watu waliokuwa wameshaanza kuota utajiri wa viwanja wakashikwa na wasiwasi. Inasimuliwa kwamba mlowezi mmoja, Philip Clark, alipanda farasi akaenda maili kama 35 hadi kwa Ronalds, akarudi naye usiku. Walifika kabla ya saa sita? Wenyeji husema saa zote za pale Napoleon zilikubaliana kuwa ndiyo kwanza inakaribia saa sita, na masimulizi mengine yanadokeza kwamba mishale ya saa ilisaidiwa kidogo. Mimi naamini farasi alikimbia. Kuhusu saa siapi.

Siku tatu baadaye, tarehe 4 Mei, walichagua kilima kilichotazama mto Iowa kutoka upande wa mashariki, wakasimika mti ulioandikwa kwamba hapa ndipo makao ya serikali. Wapima ardhi wakaanza kazi, na mpimaji L. Judson akachora ramani. Viwanja vikauzwa mwezi Agosti mwaka huohuo, na fedha za mauzo ndizo zilizotegemewa kujengea bunge.

Ile ramani ya 1839 inafaa itazamwe kwa makini, kwa sababu mitaa ya katikati ya mji wenu ni ileile. Juu ya kilima imetengwa sehemu ya bunge. Kutoka hapo kwenda mashariki inapita barabara moja pana kuliko zote, Iowa Avenue: futi 120, karibu mita 36 na nusu, wakati mitaa ya kawaida ina futi 80. Upana huo haukuwa wa bure. Mwisho wa barabara hiyo, upande wa pili, paliachwa uwanja wa gavana, ili mkuu wa eneo akifungua dirisha lake aone bunge moja kwa moja. Nyumba ya gavana haikujengwa hapo kamwe. Lililobaki ni jina la mtaa unaokatiza kule mwisho: Governor. Vilitengwa pia viwanja vya masoko, sehemu za makanisa, na uwanja wa chuo. Ukiona mitaa ya Market, Church, College na Court, usiwaze kwamba mtu alikosa majina akaandika chochote. Ni matumizi yaliyopangwa kabla hapajawa na hata paa moja: soko, kanisa, chuo, mahakama. Uwanja wa soko la kaskazini upo mpaka leo kama bustani ya watoto kuchezea, na uwanja wa chuo ni bustani ya College Green.

Majina mengine yanafuata mantiki ya mji mkuu. Mitaa ya kwenda mashariki na magharibi imebeba miji iliyoshindwa: Davenport, Bloomington, Burlington. Waliwanyima serikali, wakawapa mitaa. Hapo mwambie mwanao ajaribu kuitafuta Bloomington ya Iowa kwenye ramani ya leo. Hataiona, maana mji huo ulibadili jina na sasa ni Muscatine. Mtaa wenu umehifadhi jina ambalo wenyewe walilitupa. Kisha wako marais: Washington, Jefferson, Madison, na Van Buren, ambaye ndiye aliyekuwa madarakani wakati mji unapimwa na ndiye aliyetia saini sheria ya kuunda eneo la Iowa. Ronalds ni yule kamishna aliyeletwa usiku. Lucas ni gavana mwenyewe. Linn alikuwa seneta wa Missouri. Gilbert lilikuwa jina la mchuuzi wa ngozi aliyekuwa na duka kando ya mto kabla ya mji, akifanya biashara na Wameskwaki, wenyeji wa asili wa ardhi hii.

Dubuque nimeuacha makusudi, kwa kuwa ndio mtaa wenye kisa kizuri zaidi. Julien Dubuque alikuwa Mfaransa wa Kanada aliyepata ruhusa ya Wameskwaki mwaka 1788 kuchimba madini ya risasi kando ya Mississippi, na mji wa Dubuque ukachukua jina lake. Mji huo na makao makuu mapya ulitenganishwa na nyika tupu ya nyasi ndefu, isiyo na mti wala kilima cha kumwongoza mgeni. Serikali iliagiza barabara ya kijeshi ipimwe kati ya miji hiyo miwili. Lakini msafiri asiye na mpimaji angejuaje njia? Basi mwaka huohuo wa 1839 akakodiwa mtu aitwaye Lyman Dillon na maksai wake, akaikata nyika kwa plau, mstari mmoja mrefu wa maili zinazokaribia 100. Udongo mweusi uliogeuzwa ulionekana kutoka mbali, na magari ya kukokotwa yakaufuata mpaka magurudumu yakachonga njia yenyewe. Fikiria kazi hiyo: kutwa nzima mgongo umeinama nyuma ya maksai, si kwa ajili ya mahindi, bali kwa ajili ya njia. Ukitoka katikati ya mji kwenda kaskazini kwa mtaa wa Dubuque, unaelekea kulekule alikoelekea mkulima huyo.

Lakini ramani ya Judson ina pengo. Wameskwaki, ambao kijiji chao chini ya chifu Poweshiek kilikuwa jirani kabisa na Napoleon, hawana mtaa kati ya mitaa ile ya mwanzo. Ardhi iliyopimwa ilikuwa yao mpaka mkataba wa 1837. Mkataba wa 1842 ukawaondolea na iliyobaki ya Iowa ya kati. Wengi walisukumwa hadi Kansas. Mwaka 1857 walirudi na kununua kwa fedha zao wenyewe ekari 80 huko Tama, na wapo hapo mpaka leo. Angalia mwaka huo, maana ndio mwaka serikali iliyowapimia ardhi yao ilipofunga virago vyake na kuondoka Iowa City.

Tuje kwenye jengo. Mchoraji wake alikuwa John F. Rague, ambaye pia alichora bunge la Illinois kule Springfield. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 4 Julai 1840, na siku chache tu baadaye Rague akagombana na wenye mradi, akajiuzulu. Swan, yule kamishna wa kwanza, ndiye aliyebaki kubeba mzigo wa ujenzi. Mawe ya chokaa yalichimbwa kando ya mto, na yale makubwa yakateremshwa kwa mashua bapa juu ya maji. Fedha ziliingia kwa kudonadona kadiri viwanja vilivyouzwa. Wabunge walipofika Desemba 1841 hawakukuta bunge, wakakaa kwenye nyumba ya mbao iliyojengwa haraka na mwenyeji mmoja, Walter Butler. Mwaka uliofuata waliingia kwenye jengo la mawe ambalo halijakamilika. Lilichukua muda mrefu kweli: baraza la nguzo upande wa magharibi, unaotazama mto, lilikuwepo kwenye mchoro tangu mwanzo lakini lilijengwa miaka ya 1920. Kwa hiyo ukiwa upande wa mto unatazama nguzo zilizochelewa miaka 80.

Ndani kuna ngazi ya mzunguko inayopanda kama gamba la konokono. Hiyo ndiyo niipendayo kuliko kuba. Kuba linang'aa kwa kila mtu. Ngazi unaiona ukiingia tu. Humo ndimo Iowa ilipopata katiba zake, maana mikutano mitatu ya kuandika katiba ilifanyika hapo, 1844, 1846 na 1857, na Iowa ikawa jimbo kamili tarehe 28 Desemba 1846.

Mbona basi serikali ikaondoka? Kwa sababu ileile iliyoileta. Mwaka 1839 Iowa City ilikuwa ndani kidogo kuliko miji ya Mississippi, na hiyo ilitosha. Walowezi walipozidi kusonga magharibi, Iowa City nayo ikajikuta pembeni. Watu wa magharibi wakadai makao yasogezwe hadi Des Moines, na mwaka 1855 bunge likakubali.

Wenyeji hawakukaa mikono kifuani. Walikuwa wameweka tumaini kwenye reli. Waliahidi kampuni ya reli dola 50,000 endapo treni ingefika mjini kabla ya mwaka 1855 kuisha. Usiku wa mwisho wa Desemba baridi ilikuwa ya kukata ngozi, na bado kulikuwa na pengo la reli. Wanaume wa mji walitoka na taa na kuni, wakawasha mioto kando ya njia, wakasaidiana na vibarua kulaza mataruma kwenye ardhi iliyoganda. Kichwa cha treni kikagoma kwa baridi. Wakakisukuma kwa mitaimbo, hatua kwa hatua, mpaka kikaingia. Reli ilifika, na serikali ikaondoka vilevile.

Kwa muda mfupi reli hiyo iliishia hapo, na hilo lilileta wageni ambao hakuna aliyewapangia mtaa. Mwaka 1856 Wamormoni, waumini wa dhehebu lililokuwa na makao yake bonde la Salt Lake huko magharibi, kutoka Uingereza na nchi za Skandinavia walishuka kwenye treni Iowa City, wakapiga kambi upande wa Coralville ya leo, wakajiundia mikokoteni ya mbao, wakaisukuma kwa mikono hadi bonde hilo, safari ya maili zaidi ya 1,000. Misafara miwili ilichelewa kuondoka, theluji ikawakuta milimani Wyoming, wakafa zaidi ya 200. Mahali pa ile kambi pamehifadhiwa, na ukitaka kuwaonyesha watoto kwamba mji huu ulijua wakimbizi wenye mabunda muda mrefu kabla yenu, hapo ndipo.

Kuhama kwa serikali mwishoni mwa 1857 kulikuwa kichekesho chenye tope. Nyaraka, samani na makasha ya chuma ya fedha yalipakiwa kwenye magari na masleji ya kukokotwa na maksai kuelekea Des Moines, kilomita 180 hivi za barabara mbovu. Kasha la mhazini, lililo zito kuliko yote, lilikwama karibu na kijito cha Four Mile, likaachwa porini siku kadhaa mpaka ardhi igande, ndipo likakokotwa kwa jozi 10 za maksai. Inasemwa watumishi wa serikali walikuwa Des Moines wakilisubiri kwa hamu, maana mishahara yao ilikuwa ndani.

Hapa ndipo penye fundo la hadithi nzima. Katiba mpya ya 1857 iliandika mambo mawili ndani ya kifungu kimoja: makao ya serikali yatakuwa Des Moines daima, na chuo kikuu cha jimbo kitakuwa Iowa City. Yalikuwa maafikiano. Chuo kilianzishwa kwa sheria Februari 1847, na mpaka wakati huo kilikuwa kidogo sana. Mji ukanyang'anywa ng'ombe ukapewa ndama, na naona wengi siku ile waliona wamepunjwa. Ukiuliza leo nani alipata zaidi, utasikia ubishi mkali kati ya watu wa miji hiyo miwili, lakini upande wangu ni Iowa City. Jengo la bunge likawa jengo la kwanza la kudumu la chuo. Madarasa, maktaba, kisha ofisi ya rais wa chuo zilikaa humo hadi 1970. Majengo mengine manne ya mawe yakalizunguka mwanzoni mwa karne ya 20, na eneo zima likaitwa Pentacrest.

Makumbusho yalifunguliwa humo mwaka 1976. Tarehe 20 Novemba 2001 mafundi waliokuwa wakikarabati kuba walisababisha moto kwa vifaa vyao vya joto. Kuba la mbao liliteketea. Kwa hiyo dhahabu anayoiona mwanao si ya 1842. Ni kuba jipya lililowekwa 2003, na makumbusho yakafunguliwa tena 2006. Mawe ya chini ndiyo ya zamani.

Kaskazini mashariki ya hapo mji una sura nyingine kabisa, isiyo na gavana wala seneta. Wabohemia, yaani Wacheki, na Wajerumani walijenga nyumba ndogo na kufuga bata bukini, na mtaa ukaitwa Goosetown, mji wa bata bukini. Karibu na Linn na Market vilisimama viwanda vitatu vya bia, na chini yake vilichimbwa vyumba vya mawe vya kupozea mapipa. Vingine vingali chini ya ardhi hapo. Julai 1884 Iowa ilipiga marufuku pombe. Mwezi uliofuata, walipofikishwa mahakamani watengenezaji bia, umati uliwavamia waliotoa ushahidi, ghasia zikakumbukwa kwa jina la vurugu za bia. Bohemia hiyohiyo ndiyo iliyoleta malaika mweusi wa makaburi ya Oakland, ambaye watoto wa shule lazima wamemtishia mwanao. Ni sanamu ya shaba nyeusi iliyochongwa na Mario Korbel wa Chicago na kuletwa 1912 kwa agizo la mkunga Mbohemia, Teresa Dolezal Feldevert, kumkumbuka mwanawe aliyekufa akiwa kijana, na baadaye mumewe. Shaba ikikaa kwenye hewa na mvua hubadilika rangi. Hayo ya laana za usiku ni chumvi ya wanafunzi.

Sasa swali lako mwenyewe, Mama. La, ninyi si wa kwanza.

Chuo Kikuu cha Iowa kilipokea wanafunzi weusi mapema, lakini kuwapokea darasani hakukuwa sawa na kuwapa kitanda. Mabweni ya chuo yalifungwa kwao mpaka 1946. Walilala wapi? Wasichana walilala kwenye nyumba namba 942 ya Iowa Avenue. Mwaka 1919 muungano wa vyama vya wanawake weusi wa Iowa ulichanga fedha ukainunua, ikawa makazi ya wanafunzi wa kike kwa miongo mitatu hivi. Nyumba ingali imesimama. Na ipo wapi? Upande wa mashariki wa ile barabara ya futi 120, kulekule ramani ilikomtengea gavana. Wavulana wengi walipangishwa na Junious na Bettye Tate, mke na mume walionunua nyumba namba 914 South Dubuque mwaka 1940 wakaiendesha kwa miaka 20 hivi. Bettye aliweka sheria za nyumba na hakuzichezea. Nyumba hiyo, Tate Arms, ilitambuliwa rasmi na mji kuwa alama ya kihistoria mwaka 2014, baada ya kunusurika kubomolewa wakati majengo ya ghorofa yalipokuwa yakiimeza sehemu hiyo ya kusini. Ni nyumba ya kawaida kabisa kwa nje. Ukipita kwa gari huioni.

Na kuna jambo jipya zaidi lililogusa jina la kaunti yenu. Johnson ya mwanzo ni Richard Mentor Johnson wa Kentucky, makamu wa rais wa Van Buren, mtu aliyemiliki watumwa. Juni 2021 wasimamizi wa kaunti walipiga kura kubadilisha anayekumbukwa, bila kubadilisha herufi hata moja. Sasa kaunti ya Johnson ni ya Lulu Merle Johnson, mzaliwa wa Gravity, Iowa, binti wa wazazi weusi, aliyepata udaktari wa historia katika chuo hicho mwaka 1941, mwanamke mweusi wa kwanza kuupata katika jimbo la Iowa. Wakati anasoma mabweni yalikuwa bado yamefungwa kwa watu wa rangi yake. Mtaa wa Johnson mjini haujahusishwa na uamuzi huo, na vibao vyake ni vilevile. Nikiulizwa, ningeacha vibao na kubandika maelezo.

Hata Afrika Mashariki ina alama yake hapa. Chuo kina warsha ya waandishi tangu 1936, na Taban lo Liyong, aliyekulia Uganda, alihitimu humo 1968, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Peter Nazareth wa Uganda naye alifika 1973 na kufundisha hapo miaka mingi. UNESCO iliutaja Iowa City kuwa mji wa fasihi mwaka 2008, na kwenye njia ya miguu ya Iowa Avenue zimelazwa bamba za shaba zenye maneno ya waandishi. Watoto hupenda kuzirukia moja moja.

Mwaka huohuo wa 2008 mto Iowa ulipanda. Tarehe 15 Juni ulifika futi 31.53, ukazamisha majengo mengi ya chuo kwenye kingo, ukumbi mkubwa wa Hancher ukiwemo. Bwawa la Coralville lililokamilika 1958 lilizidiwa, kama lilivyozidiwa 1993. Mtaa wa Dubuque, njia ile ya maksai, ulikuwa ukifungwa na maji mara kwa mara, hivyo mji ukauinua na kujenga daraja jipya la Park Road. Kazi ilimalizika 2018. Ukiingia mjini kutoka kaskazini unapita juu ya tuta hilo. Si mto tu uliokula mji: tarehe 13 Aprili 2006 kimbunga kiliangusha kanisa la Mtakatifu Patrick lililokuwa mtaa wa Court. Na mipango ya watu ilikula zaidi ya kimbunga. Miaka ya 1960 na 1970 sehemu kubwa ya katikati ya mji ilibomolewa kwa jina la kuuhuisha. Vipande vya College na Dubuque vikawa njia ya watembea kwa miguu, jambo ambalo naliona zuri. Lakini mtaa wa Capitol, uliopita mbele ya ubavu wa bunge tangu siku ya kwanza, ulizibwa na jengo la maduka lililofunguliwa 1981 kati ya Washington na Burlington. Ukitembea kuelekea kusini unagonga ukuta. Hilo lilikuwa kosa, na nadhani hata waliolipanga wangelikubali leo.

Basi Jumamosi yenu. Anzeni Old Capitol, yaani lile Bunge la Zamani, asubuhi. Kuingia ni bure, na mwanao apande ngazi ya mzunguko kabla miguu haijachoka. Tokeni upande wa magharibi mtazame nguzo za miaka ya 1920, kisha mzunguke hadi Clinton mgeuke mashariki mfuate Iowa Avenue moja kwa moja, juu ya bamba za shaba, mkivuka Dubuque, Linn, Gilbert, Van Buren, Johnson, Dodge, Lucas, mpaka 942. Ni nyumba ya watu, itazameni kutoka barabarani. Hapo geukeni mtazame mlikotoka, kuba litakuwa mbele yenu mwisho wa barabara, kama gavana alivyoahidiwa. Mkiwa na nguvu, pandeni kaskazini hadi mtaa wa Brown, uliotandikwa matofali, mrudi kwa Linn na Market. Makaburi ya Oakland yako njiani. Tate Arms na bustani ya Napoleon viko kusini na ni mbali kidogo kwa mtoto; hivyo wekeni siku nyingine, au mchukue basi. Na nyumba ya Plum Grove aliyojijengea Lucas mwaka 1844, alipokuwa si gavana tena, iko mtaa wa Carroll, nayo hufunguliwa kwa wageni wakati wa kiangazi.